Nyaya Nne Nisizozipima

Mwanamke mmoja alitukanwa mbele ya watu kwa kosa langu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, bisibisi mkononi, nikijifanya naangalia skrubu. Nimewahi kujaribu kulisimulia jambo hili nikianza na joto la siku ile, au na haraka ya wapangaji, lakini kila nikianzia huko najikuta natafuta mtu wa kunisaidia mzigo. Basi naanzia hapo.

Mimi ni fundi wa stima. Naishi Kibera, upande wa Laini Saba, na kazi hii sikuisomea. Niliajiriwa kiwandani kubeba magunia, nikawa nawashikia mafundi ngazi, wakanizoea, wakaniachia bisibisi, na siku kiwanda kilipofungwa nilitoka pale nikijua kufunga mota na kutandaza nyaya. Kwa miaka mingi hilo lilinitosha. Wenye ploti za kupangisha walinipigia simu wenyewe. Niliwahi hata kukataa kazi.

Halafu nikaanza kufanya kazi na yule dada. Alikuwa na miaka kama thelathini, ametoka chuo cha ufundi huko magharibi mwa Kenya, ana cheti chenye muhuri, na amepanga chumba karibu na soko la Toi. Tulikutana kwenye jengo moja tukiwa vibarua, nikaona mikono yake haina papara. Nikamwambia tukipata kazi kubwa tuifanye pamoja. Aliniita mzee, kwa heshima, ingawa sikuwa mzee sana. Mimi nilimwita dada. Alikuwa na multimita yake, kipimo cha volti chenye kioo kidogo na nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi, akiiweka ndani ya soksi ya mtoto ili kioo kisikwaruzwe. Kabla hajashika kitu chochote, alipima. Akishamaliza, alipima tena. Mimi nilitumia bisibisi ya kupimia, ile yenye taa ndogo kwenye mpini. Ikiwaka kuna moto, isipowaka hakuna.

Sikuwahi kumwambia kwamba multimita ile ilinitia wasiwasi. Nilikuwa najua kuitumia, kidogo, lakini nilikuwa mwepesi wa kusahau mshale wa kuchagulia kipimo ukae wapi, na sikutaka aone.

Kazi yenyewe ilikuwa Kawangware 56, mtaa unaoitwa kwa namba ya matatu zake, nyuma ya soko, kwenye ploti ya mama mmoja wa Kinubi. Yeye mwenyewe anaishi Kibera, Makina, katika nyumba ya baba yake. Watu wote humwita Hajati. Mbele ya ploti kuna kinu cha kusaga unga wa ugali, na kwa sababu ya kinu hicho ploti inaingiza stima ya fezi tatu. Nyuma kuna vyumba kumi na viwili vya mawe. Kebo iliyotoka kwenye kisanduku cha mbele hadi kule nyuma ilikuwa imeyeyuka kwa kuzidiwa, na Hajati alitaka tuweke mpya.

Lazima nieleze kidogo, maana bila hivyo aibu yangu haitaeleweka. Stima ya fezi tatu huja na nyaya nne. Tatu zina moto. Wa nne ni nyutro, ule wa kurudishia. Chumba cha kawaida kinahitaji waya mmoja wa moto na nyutro. Ukipima kati ya hizo mbili unapata kama volti mia mbili na arobaini, na hizo ndizo taa na redio zimetengenezewa. Lakini ukipima moto kwa moto unapata mia nne na kumi na tano. Kwa hivyo hata mtu akikupa nyaya nne zisizo na rangi yoyote, ukiwa na kipimo na subira utazitambua. Ule unaokupa mia mbili na arobaini ukiupima na kila mmoja wa wenzake, huo ndio nyutro. Zilizobaki, zikipimwa zenyewe kwa zenyewe, zitakupa mia nne na zaidi. Ni vipimo sita tu. Ni kazi ya dakika tano.

Rangi ndizo za kuogopa. Zamani nyaya za moto zilikuwa nyekundu, njano na bluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Siku hizi za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Yaani bluu iliyokuwa moto imekuwa nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa moto. Fundi anayekuta waya wa zamani na mpya ndani ya kisanduku kimoja hana budi kupima. Nilikuwa nayajua haya yote. Sitaki mtu adhani sikujua.

Siku ile ilikuwa Ijumaa. Tulizima stima asubuhi mapema, na dada akaenda nyuma kufunga kisanduku kipya cha breka, zile swichi za kukatia stima. Mimi nikabaki mbele karibu na kinu. Wapangaji walikuwa wakitoka na kuingia, wengine wakiuliza stima itarudi saa ngapi. Aliyeuliza zaidi ni mzee wa chumba cha saba. Zamani alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na sasa alikuwa anatotoa vifaranga ndani ya friji kuukuu aliyoitoa injini na kuitia balbu na feni. Alikuwa na mayai sitini mle, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuanguliwa. Tangu tuzime stima alikuwa ameyafunika kwa blanketi na chupa za maji moto.

"Fundi, njoo usikie," aliniambia.

Nikaingia. Akanipa yai moja, akaniambia niliweke sikioni. Lilikuwa na joto kama kiganja cha mtu. Ndani kulikuwa na kitu kinagonga, kinanyamaza, halafu kinalia kwa sauti nyembamba sana.

"Wako tayari," mzee alisema. "Sasa wanangoja wewe tu."

Nikacheka, nikamrudishia yai lake, nikamwambia kabla ya saa saba atakuwa na stima.

Niliporudi mbele nilifungua kisanduku. Ndani kulikuwa na kipande cha kebo ya zamani kilichobaki, nyaya nne zimetokeza. Vumbi la unga lilikuwa limeganda juu yake, likachanganyika na moshi na mafuta, miaka na miaka. Nilifuta kwa kidole. Mmoja niliuona wa kahawia. Mmoja wa kijivu. Mmoja mweusi, mmoja wa bluu. Kebo yangu mpya nayo ilikuwa na kahawia, kijivu, nyeusi na bluu. Nikasema moyoni, kumbe kuna fundi aliyepita hapa juzijuzi, ameweka rangi za kisasa. Nikaunga kahawia kwa kahawia, kijivu kwa kijivu, nyeusi kwa nyeusi, bluu kwa bluu. Ulikuwa mpangilio mzuri wa kupendeza macho.

Ule wa kahawia ulikuwa mwekundu uliochakaa. Ule wa kijivu ulikuwa wa njano uliolowa moshi. Kebo ilikuwa ya zamani kabisa, na bluu yake ilikuwa moto.

Dada alikuja kutoka nyuma akijifuta mikono. Akachungulia kisandukuni.

"Mzee, hizi za zamani umezipima?"

"Za nini kupima? Si unaona rangi?"

"Rangi inaweza kudanganya. Hii kebo inakaa ya kitambo. Tuwashe swichi ya hapa tu, tupime, halafu ndio tupeleke nyuma."

Alikuwa ameshaitoa multimita kwenye soksi. Wakati huo Hajati alikuwa amefika, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya kinu, na wapangaji kama watano walikuwa wamesimama karibu yake. Wote walikuwa wanatuangalia. Ningeweza kusema sawa. Ni neno moja. Lakini niliona namna Hajati alivyomtazama dada, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayejiuliza ni nani hasa fundi hapa.

"Hiyo kitu yako ni ya darasani," nikasema kwa sauti. "Mimi nilishika hizi nyaya ukiwa bado unanyonya. Weka kwa soksi isipate baridi."

Watu walicheka. Hata Hajati alitabasamu. Dada hakucheka. Alibaki ameshika soksi ile.

"Ni dakika tano tu, mzee," alisema, pole pole, ili wengine wasisikie.

"Na klipu zimeisha. Nenda duka la hadwea utuletee klipu za ukutani, za hiyo kebo. Ukirudi tutapima mpaka uchoke."

Akaenda. Nilijua kabisa kwamba sitamngoja.

Nilipoona amekata kona, niliwasha swichi ya mbele nikaenda nyuma kwenye kisanduku kipya. Dada alikuwa amekifunga vizuri kuliko ambavyo ningekifunga mimi. Breka zilikuwa tatu, kila moja ikihudumia vyumba vinne. Nikainua ya katikati. Chumba cha kwanza mlango ulikuwa wazi, nikaona balbu imewaka, nyeupe, imetulia. Mpangaji mmoja akapiga makofi. Nikaweka bisibisi yangu ya kupimia, taa ikawaka. Nikainua mkono kama mgombea aliyeshinda kura, halafu nikainua zile breka mbili zilizobaki kwa pamoja.

Baadaye nilielewa kwa nini ile breka ya kwanza ilinidanganya. Ilikuwa imepata ile nyeusi ya zamani, ambayo ni nyutro, na upande wa pili ikapata bluu, ambayo ni moto. Moto na nyutro, ingawa zimegeuzwa: mia mbili na arobaini. Lakini vile vyumba vinane vingine vilipata moto pande zote mbili.

Kwanza ilisikika milio kama ya mahindi kwenye kikaango. Zilikuwa balbu. Kisha mtoto akapiga kelele, mahali fulani redio ikakoroma kwa nguvu na kunyamaza, na harufu ya plastiki ikatoka madirishani. Mimi nilisimama. Nasema nilisimama kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkono wangu ulikuwa karibu na breka, na sikuzishusha mara moja. Nilikuwa bado nafikiri kwamba haiwezekani. Mwanamke alipita akikimbia na mtoto mgongoni ndipo nilipozishusha.

Chumba cha saba kilikuwa kinatoa moshi. Balbu za ile friji zilikuwa zimepasuka, na sponji ya kuzuia joto ilikuwa inayeyuka na kuwaka kwa ndani. Mzee alikuwa ameshaifungua na kuimwagia maji. Alikuwa anatoa mayai mawili mawili, akiyapanga kitandani juu ya blanketi, anakohoa, anayatia sikioni moja baada ya jingine. Nikaingia kumsaidia. Nilichukua moja, nikalitia sikioni. Kisha jingine.

"Hii je?" aliniuliza. "Hiyo yako inalia?"

"Hapana, mzee."

Aliendelea mpaka yakaisha yote sitini. Sikumwona akilia. Alikaa kitandani kando yao.

Nje walikuwa wameanza kutoa vitu. Televisheni tatu, redio, friji ndogo ya mama wa chumba cha kumi, mashine ya kushona ya stima ya mwanamke mmoja fundi cherehani, chaja za simu. Walivipanga uani kama watu wanaohama. Hajati alikuja akiwa ameshika kiuno.

"Fundi, nini hii?"

Nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimeiona ile bluu akilini mwangu wazi kabisa.

"Kuna mahali nyaya zimeungwa vibaya, Hajati."

"Nani aliunga?"

Na mimi nikasema: "Kule nyuma nilimwachia yule dada."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Ukiyachukua neno kwa neno, hayana uongo. Nyuma nilimwachia yeye. Niliyachagua kwa sababu hayana uongo. Nimewahi kudanganya mara nyingi maishani, kama watu wengine, lakini sijui kama nimewahi kusema jambo chafu kuliko ukweli ule.

Dada aliingia langoni na klipu ndani ya mfuko wa karatasi. Wapangaji walimzunguka kabla hajafika katikati ya ua. Fundi cherehani alimuuliza kama anajua mashine ile ilikuwa inalisha watu wangapi. Mwingine alisema wanawake waachiwe kazi za saluni. Mzee wa chumba cha saba alitoka mlangoni, akiwa na majivu kwenye ndevu, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Umeniulia watoto. Walikuwa wamebakisha siku moja. Umekosa hata aibu ya kuja hapa na karatasi mkononi."

Dada alinitazama. Mimi nikageukia kisanduku na kuanza kukaza skrubu iliyokuwa imekaza tayari.

Dada aliweka klipu chini, akatoa multimita kwenye soksi, akaenda mbele kwenye kinu, na watu wakamfuata wakiwa bado wanamtukana. Nami nikafuata. Alifungua kisanduku. Akaanza kupima, na kila kipimo alikitamka kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi.

"Kahawia na bluu, mia nne kumi na tano. Kijivu na bluu, mia nne kumi na tano. Nyeusi na bluu, mia mbili arobaini. Nyeusi na kahawia, mia mbili arobaini. Nyeusi na kijivu, mia mbili arobaini."

Akapima na kipimo cha mwisho, kahawia na kijivu, akasema mia nne kumi na tano. Kisha akazima swichi ya pale mbele, akachukua kitambaa, akakitia mate, akafuta ule waya wa kahawia wa zamani. Ukawa mwekundu.

"Nyutro ni hii nyeusi," alisema. "Kosa liko hapa."

Katika ua mzima ni watu wawili tu walioelewa alichosema. Kazi ya mbele alikuwa ameniachia mimi. Alikuwa amenipa nafasi ya kukiri mwenyewe, na nafasi ile ilikuwa kubwa kama mlango. Hajati aliuliza, "Hapa wapi? Si ulisema nyuma?" na akanigeukia.

"Nitatengeneza, Hajati," nikajibu. "Jioni haitafika kabla haijakuwa sawa."

Dada alikusanya vifaa vyake. Alipopita karibu yangu alisema, "Haya, mzee," akaenda zake. Hajati alimfuata kwa maneno mpaka langoni, akamwambia asikanyage tena ploti ya mtu yeyote anayemjua.

Nilibadilisha zile nyaya mbili, nyeusi na bluu. Nilizipima, kwa multimita niliyoazima kwa jirani mwenye duka la redio, nikimwomba anionyeshe mshale ukae wapi. Stima ikarudi, volti mia mbili na arobaini kila chumba. Wapangaji walinishukuru. Mama wa chumba cha kumi aliniletea chai. Niliinywa.

Kwa miezi iliyofuata nilisikia habari za dada kwa vipande. Hajati ana maneno, na wenye ploti wanajuana. Kawangware 56, Kawangware 46, hata Kibera, walisikia kuna fundi wa kike aliyechoma vyumba vinane. Mtu mmoja alinisimulia mimi mwenyewe kisa hicho kwenye foleni ya maji, akiongeza chumvi, na nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. Nilimpigia simu dada mara mbili nikakata kabla hajashika. Mara ya tatu aliishika, nikamuuliza anaendeleaje. "Niko," alisema. Nikasema sawa. Basi.

Nilinunua multimita yangu. Nilipima kila kitu. Hata soketi ya nyumbani nilipima, mke wangu akaniuliza kama naumwa. Yeye pia nilikuwa nimemwambia kwamba ni dada aliyekosea, na alikuwa amesema "maskini," akimhurumia. Huruma hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko matusi ya wengine.

Hajati aliniita Makina kuangalia taa za nyumba yake mwenyewe, karibu na Ramadhani. Nilipomaliza alinikaribisha chai ya tangawizi na kaimati barazani. Jirani yake mmoja alikuwepo, mama wa makamo anayejenga ploti Kawangware 46, anatafuta fundi.

"Mchukue huyu," Hajati alimwambia. "Ndiye alituokoa siku ile yule msichana alipotuchomea nyumba. Bila huyu tungeungua wote."

Nilikuwa na kaimati mdomoni. Niliitafuna mpaka ikaisha. Sijui kwa nini ikawa siku ile na si siku nyingine. Labda ni lile neno, alituokoa.

"Hajati, si yeye," nikasema.

"Si yeye nini?"

"Ni mimi niliunga pale mbele. Yeye aliniambia tupime, nikamcheka mbele yenu. Hata nyinyi mlicheka. Nikamtuma dukani nikawasha akiwa hayupo. Kule nyuma alikokuwa yeye, hakukuwa na kosa lolote."

Jirani aliweka kikombe chini. Hajati alikuwa ananitazama kama anayejaribu kukumbuka alinipata wapi.

"Mimi nilimtukana mtoto wa watu," alisema mwishowe. "Nilimfukuza kama mwizi. Na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama pale."

"Na ukala chakula changu tangu siku hiyo."

"Ndiyo, Hajati."

Aliniambia nitoke. Nilipofika mlangoni akaniita tena, akaniuliza yule msichana anaishi wapi.

Nilimwomba aniache nitangulie mimi kwenda kwake. Nilimkuta dada kwenye soko la Toi, kwenye meza ndogo, anatengeneza pasi na birika za stima. Alikuwa amekonda. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Alikuwa anafunga skrubu za birika, na hakuacha.

"Kwa hivyo umekuja kuniambia," alisema. "Mimi nilikuwa najua. Mimi nilikuwa pale."

"Nimemwambia Hajati pia."

"Na wale wengine? Walionitukana walikuwa zaidi ya kumi. Uliniita wa kunyonya mbele yao, si kwa Hajati pekee."

"Nitaenda niwaambie."

"Nenda. Halafu usirudi hapa kunieleza vile ilienda."

Nilienda Jumapili alasiri, watu wakiwa nyumbani. Hajati alikuja na kuketi kwenye kiti kile kile. Nilisimama uani nikawaambia. Nilikuwa nimetayarisha maneno, lakini nilipoanza niliona mengi yalikuwa ya kunipamba, nikayaacha. Nilisema tu nani aliunga, nani alisema tupime, nani alitumwa dukani na kwa nini. Hakuna aliyenipiga. Ningependa mtu angenipiga. Fundi cherehani aliuliza, "Miezi yote hii?" Mama wa chumba cha kumi, aliyeniletea chai, aliingia ndani akafunga mlango. Wawili walikuwa wamehama na wapya waliokuwa mahali pao hawakujua tunazungumza nini.

Mzee wa chumba cha saba alikuwa amerudi kwao. Hajati alikuwa na namba yake, nikampigia nikiwa pale pale langoni. Nilimweleza.

"Yule msichana nilimwambia maneno mabaya sana," alisema.

"Mzee, ni mimi uliyestahili kuniambia."

"Wewe nitakwambia siku nyingine. Nipe namba yake."

Nilimtumia dada ujumbe kuuliza kama anakubali. Alijibu kwa neno moja, mpe. Nikampa. Walichozungumza sikijui.

Kwa miezi kadhaa baada ya hapo nilibeba televisheni na redio zile kwa fundi mmoja na mwingine, na nilizoweza nilizitengeneza mwenyewe. Mashine ya kushona ilipona. Wengi walivipokea bila kunikaribisha ndani, na walikuwa na haki. Jirani wa Hajati alimpa dada kazi ya ploti yake ya Kawangware 46, ghorofa mbili, na baada ya hiyo akapata nyingine. Mimi simu zangu zilipungua. Sikumlaumu mtu.

Juzi tu nilimkuta kwenye hadwea moja pale 56. Alikuwa mbele yangu kwenye foleni, anaagiza kebo ya fezi tatu, na muuzaji, mtu mzima mwenye miwani, alikuwa anamuuliza kama ana uhakika, kama ametumwa na fundi, kama fundi mwenyewe hawezi kupiga simu. Nikasogea mbele.

"Huyu ndiye fundi," nikamwambia muuzaji kwa sauti ya kusikika duka zima. "Anajua kazi hii kuliko mimi na wewe. Mpe alichoagiza."

Watu wakageuka. Dada pia akageuka.

"Sasa, mzee," alinisalimia.

"Poa, dada."

"Sijakuomba," alisema, bila hasira yoyote, akamgeukia muuzaji tena na kumtajia unene wa kebo, urefu wake na rangi anazotaka, polepole, mpaka muuzaji akachukua kalamu na kuandika.

Nilirudi nyuma kwenye nafasi yangu. Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeongea ili watu wanisikie mimi. Nikashika zile breka nilizokuja kununua, nikangoja zamu yangu.